MABOMBA YALIYOFICHWA UKUTANI

Hotuba juu ya kuweka mabomba ya maji machafu katika nyumba za mbao za Marekani na Kanada



Mtu aliyezoea nyumba za mawe, akiingia mara ya kwanza katika nyumba ya kuishi ya Marekani au Kanada na kuugonga ukuta kwa kidole, hustaajabu. Ukuta hulia kama ngoma. Mbele ni bao jembamba lililopakwa rangi. Nyuma yake ni uwazi mtupu. Kisha bao jingine la namna hiyo hiyo upande wa chumba cha pili. Katika uwazi huo hupita vitu ambavyo nyumba haikaliki bila ya hivyo: nyaya za umeme, mabomba ya maji safi, na mabomba ya maji machafu yatokayo chooni, bafuni na jikoni.

Katika miji ya Kenya bomba la choo cha ghorofani mara nyingi hushuka nje ya nyumba, upande wa nyuma, likiwa limeshikizwa ukutani kwa vibano vya chuma. Si pambo la nyumba, lakini likivuja kila mpita njia huliona, na fundi hulifikia kwa ngazi. Bomba la nyumba ya mbao halionekani. Likivuja, mbao hulowa kwanza, kisha huota ukungu, kisha huanza kuoza. Na mwisho kabisa ndipo doa la manjano hutokea katika dari ya chumba cha chini. Kufikia siku hiyo fundi aliyeliweka amekwisha kulipwa, naye amekwenda zake zamani.

Hotuba hii ni juu ya kazi hiyo iliyofichwa. Yafaa ijulikane na mafundi wa kila mahali, kwa kuwa elimu ya ufundi haina mpaka. Yafaa zaidi ijulikane na wasemao Kiswahili waliohamia nchi hizo, ambao baadhi yao hupata riziki yao katika ujenzi, na wengine hununua nyumba za namna hii kwa mkopo wa miaka mingi.

NYUMBA YA MIFUPA NA NGOZI

Ujenzi huu ulianza kuenea kutoka mji wa Chicago katika miaka ya 1830, wakati mbao zilizopasuliwa kwa mashine na misumari ya bei rahisi vilipopatikana kwa wingi. Kabla ya hapo nyumba ya mbao ilikuwa ya maboriti mazito yaliyoingizwa ndimi katika matundu, kazi iliyotaka mafundi wengi na siku nyingi. Namna mpya iliacha maboriti mazito, ikatumia mbao nyingi nyembamba zilizopigiliwa misumari. Seremala mmoja na msaidizi wake waliweza kuisimamisha.

Ukuta wa ndani hufanywa hivi. Chini hulazwa ubao mmoja juu ya sakafu. Juu ya ubao huo husimamishwa nguzo nyembamba, na kutoka kitovu cha nguzo moja hata kitovu cha nguzo ya pili ni inchi 16. Juu ya vichwa vya nguzo hulazwa mbao mbili, moja juu ya nyingine, ili kuzifunga nguzo zote pamoja. Hiyo ndiyo mifupa. Ngozi yake ni mabao ya jasi, ambayo unene wake aghalabu ni nusu inchi, yanayofungwa kwa skrubu pande zote mbili.

Hapa pana jambo moja ambalo limewaponza wengi. Ubao unaoitwa na wauza mbao wa huko "mbili kwa nne" si wa inchi 2 kwa 4. Ukiisha kukaushwa na kupigwa randa, hubaki inchi 1½ kwa 3½. Kadhalika ule uitwao "mbili kwa sita" ni inchi 1½ kwa 5½. Fundi wa mabomba apimaye kwa jina la ubao badala ya kupima ubao wenyewe amekwisha kukosa kabla ya kushika msumeno.

Tena kuta si za namna moja. Ziko zinazobeba mzigo wa ghorofa au wa paa, na ziko zinazogawa vyumba tu. Kwa macho ya mgeni zote ni sawa. Kwa fundi tofauti yake ni kubwa, maana kinachoruhusiwa kukatwa katika ukuta wa kugawa vyumba huenda kikawa hatari katika ukuta wa kubeba mzigo.

BOMBA LISILOKUBALI KUPANDA

Maji safi huingia nyumbani yakisukumwa kwa nguvu. Kwa hiyo bomba lake laweza kupanda, kushuka na kuzunguka. Waya wa umeme hupindwa apendavyo fundi. Maji machafu hayana wa kuyasukuma. Huenda kwa uzito wake yenyewe, na bomba lake halina budi kuteremka daima, kutoka beseni hadi mfereji mkuu ulio chini ya ardhi. Ndiyo maana katika nyumba nyingi fundi wa mabomba ya maji machafu hutangulia, na wenziwe hufuata wakipita pale alipowaachia.

Mteremko uliokubaliwa kwa mabomba yasiyozidi inchi 2½ ni robo inchi kwa kila futi moja. Bomba la inchi 3 laweza kuruhusiwa nusu ya mteremko huo. Robo inchi ni kitu kidogo, lakini hujumlika: bomba likienda futi 8 ndani ya ukuta, mwisho wake huwa chini ya mwanzo wake kwa inchi 2. Kwa hiyo matundu katika nguzo hayawezi kutobolewa yote kwa kimo kimoja. Fundi mwangalifu huvuta uzi wenye chaki kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, akautelemsha kwa kipimo, ndipo akatia alama kila nguzo mahali pake. Asiyefanya hivyo hujikuta akilipinda bomba katikati, na pale lilipopindwa uchafu hutuama.

Jambo la pili ni mtego wa maji. Chini ya kila beseni kuna bomba lililopindwa ambalo hubaki na maji ndani yake, kina cha inchi 2 hata 4. Maji hayo machache ndiyo mlango unaozuia hewa ya mferejini isipande nyumbani. Mtengeneza saa Alexander Cumming alipata hati ya uvumbuzi wa choo chenye bomba lililopindwa namna hiyo huko London mwaka 1775, na wazo hilo halijaachwa hata leo.

Jambo la tatu ni hewa. Mtu akitia mrija ndani ya maji, akaziba ncha ya juu kwa kidole na kuuinua, maji hubaki mrijani. Akiondoa kidole, maji hushuka. Mabomba nayo ni hivyo. Maji yakishuka kwa wingi bila ya hewa kuyafuata, huyavuta maji ya mtego na kuyachukua pamoja nayo, na mlango hubaki wazi. Basi kila mtego wahitaji njia ya hewa, na kwa kawaida njia hiyo ni bomba lipandalo ndani ya ukuta huo huo mpaka likatokeza juu ya paa.

Umbali kutoka mtego hadi bomba la hewa una kiasi chake, na hesabu yake ni nzuri kuijua. Kanuni moja inayofuatwa sana huruhusu futi 5 kwa bomba la inchi 1¼, futi 6 kwa bomba la inchi 1½, na futi 8 kwa bomba la inchi 2. Atakayezidisha robo inchi kwa futi hizo ataona kwamba mteremko wote haupiti upana wa bomba lenyewe. Maana yake ni kwamba mdomo wa bomba la hewa usiwe chini ya usawa wa maji ya mtego. Ukiwa chini, hewa hukatiwa njia, na mtego hunyonywa.

Madhara ya mtego uliokauka si harufu mbaya tu. Mwaka 2003, katika majumba ya Amoy Gardens huko Hong Kong, watu zaidi ya 300 waliambukizwa maradhi ya SARS. Wachunguzi walioneshwa njia na mabomba: mitego ya matundu ya sakafuni katika mabafu mengi ilikuwa imekauka, na feni za bafuni zilivuta hewa yenye maradhi kutoka katika bomba kuu hadi ndani ya nyumba za watu. Majumba yale ni marefu na hayakujengwa kwa mbao. Lakini maji ya mtego ni yale yale, na kazi yake ni ile ile.

HESABU YA UKUTA

Na ichukuliwe nyumba moja kuwa mfano. Ni nyumba ya ghorofa mbili. Juu kuna bafu lenye choo, beseni la kunawia na hodhi la kuogea. Chini ya bafu ni jikoni. Seremala amesimamisha kuta zote kwa nguzo za inchi 3½, naye amejisifu kwa kumaliza siku mbili kabla ya wakati. Fundi wa mabomba anafika asubuhi na bomba lake la plastiki la inchi 3 kwa ajili ya choo.

Anapima. Inchi 3 ni upana wa ndani. Upana wa nje wa bomba hilo ni inchi 3½ kamili, sawasawa na kina cha nguzo. Bomba lenyewe latosha bila hata unywele mmoja kubaki. Lakini viungo vyake ni vinene kuliko bomba, navyo vitatokeza nje ya mbao. Bao la jasi halitalala sawa. Zaidi ya hayo, ili bomba lipite kutoka ghorofa hadi ghorofa, ubao wa chini na zile mbao mbili za juu zitakatwa zote kabisa, na ukuta utakuwa vipande viwili.

Katika saa hiyo fundi ana njia mbili. Aweza kukata na kunyamaza. Au aweza kumwita seremala na mwenye nyumba, akawaonesha kipimo. Njia ya pili huleta maneno. Seremala atasema kwamba kazi yake imekwisha. Mwenye nyumba atauliza gharama. Lakini mbao za ukuta mmoja tu ndizo zitakazobadilishwa, kutoka inchi 3½ hadi 5½, na kazi hiyo ni ya siku moja. Baada ya mabao ya jasi na rangi, kazi hiyo hiyo huwa ya wiki nyingi.

Kwa sababu hiyo wachoraji wazuri wa ramani huuweka tangu mwanzo ukuta mmoja mnene wa maji, wakayapanga mabafu na jikoni pande zake mbili, au moja juu ya jingine. Hupenda ukuta huo uwe wa ndani ya nyumba, si wa nje, kwa kuwa katika majira ya baridi ya nchi zile maji yaliyo katika ukuta wa nje huweza kuganda na kupasua bomba.

Mafundi wa zamani walilijua jambo hili. Mabomba yao yalikuwa ya chuma cha kusubu, mara nyingi ya inchi 4, mazito na yenye vikombe vipana. Kila kiungo kilishindiliwa nyuzi za katani kama watu watiavyo kalafati katika jahazi, kisha kikamiminiwa risasi iliyoyeyushwa. Hapana aliyefikiri kulificha bomba la namna hiyo katika ukuta mwembamba. Plastiki, kwa wepesi wake, imewafanya wengine wadhani kwamba ukuta nao umekuwa mpana.

MSUMENO NA KEEKEE

Bomba lipitalo kwa wima kati ya nguzo mbili halidhuru nguzo. Shida huanza linapokwenda kwa ulalo, maana hapo halina budi kupita katikati ya nguzo zenyewe. Vipimo vifuatavyo vimo katika kitabu cha kanuni za nyumba za kuishi kilichotolewa kwanza mwaka 2000, ambacho sehemu nyingi za Marekani hukifuata, kila moja kwa mabadiliko yake. Fundi hana budi kuuliza kwanza katika ofisi ya ujenzi ya mji wake.

Katika ukuta wa kubeba mzigo, pengo lililokatwa ukingoni mwa nguzo lisipite robo ya kina chake, na tundu lililotobolewa kwa keekee lisipite sehemu 40 katika 100. Katika ukuta wa kugawa vyumba, pengo lisipite sehemu 40 katika 100, na tundu lisipite sehemu 60. Katika kuta zote mbili, kati ya ukingo wa tundu na ukingo wa nguzo pabaki mbao isiyopungua sehemu tano za nane za inchi. Wala pengo na tundu visiwekwe mahali pamoja katika nguzo moja.

Asiyependa hesabu huzipita kanuni hizi haraka. Lakini yafaa zijaribiwe kwa bomba lenyewe. Bomba la plastiki la inchi 1½ lina upana wa nje wa inchi 1.9. Katika nguzo ya inchi 3½ iliyo katika ukuta wa kubeba mzigo, tundu kubwa kabisa liruhusiwalo ni inchi 1.4. Halipiti. Katika ukuta wa kugawa vyumba, tundu laweza kufika inchi 2.1; hapo bomba lapita, kwa nafasi ndogo. Bomba la inchi 2, ambalo upana wake wa nje ni karibu inchi 2.4, halipiti kabisa katika nguzo hiyo. Basi bomba la hodhi au la mashine ya kufulia likitakiwa kwenda kwa ulalo ukutani, ukuta na uwe mnene, au bomba lipitishwe chini ya sakafu.

Kanuni hutoa ruhusa moja zaidi: katika ukuta wa kubeba mzigo, nguzo ikiunganishwa na nguzo ya pili ubavuni mwake, tundu laweza kufika sehemu 60 katika 100; lakini nguzo za namna hiyo zilizotobolewa zisifuatane zaidi ya mbili. Na pale zile mbao za juu zilipokatwa kupita nusu ya upana wake, hufungwa ukanda wa chuma kilichopakwa zinki, ukipigiliwa misumari pande zote mbili za mkato, ili kurudisha nguvu iliyoondolewa.

Maboriti ya sakafu nayo yana heshima yake. Sehemu ya tatu ya katikati ya boriti haikatwi pengo kamwe, maana hapo ndipo uzito huipinda zaidi. Penginepo pengo lisipite sehemu moja ya sita ya kimo cha boriti. Tundu lisipite sehemu moja ya tatu ya kimo, wala lisikaribie ukingo wa juu au wa chini kuliko inchi 2. Boriti iitwayo "mbili kwa kumi" ina kimo cha inchi 9¼, na sehemu yake ya tatu ni inchi 3 na kidogo. Bomba la choo, lenye inchi 3½ kwa nje, haliwezi kuipita kwa haki. Lazima lifuate mwendo wa maboriti, likilala kati ya moja na jingine, mpaka lifike kwenye ukuta wake. Fundi asiyelijua hili huvamia kwa msumeno, na baada ya miaka michache sakafu ya bafuni huinama na vigae vyake hupasuka.

Choo chenyewe kina kipimo kidogo kinachosahauliwa mara nyingi. Kwa vyoo vilivyo vingi huko, kitovu cha bomba sakafuni huwa inchi 12 kutoka ukuta uliokamilika. Lakini siku ya kuweka bomba ukuta haujakamilika. Ni nguzo tupu. Bao la jasi la nusu inchi litakuja baadaye. Basi kutoka kwenye mbao fundi hupima inchi 12½. Akikisahau kipande hicho cha nusu inchi, tangi la choo laweza kugusa ukuta na choo kisikae.

SKRUBU INAYOZIBA TUNDU LAKE

Fundi wa mabomba akimaliza, huja afungaye mabao ya jasi. Huyu hufanya kazi upesi, na hawezi kuona kilicho nyuma ya bao. Anajua tu kwamba nguzo iko hapo, naye anapitisha skrubu. Ikiwa bomba la plastiki limepita karibu na uso wa nguzo, skrubu huingia ndani ya bomba.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba siku hiyo huenda pasivuje. Skrubu huliziba tundu lililotobolewa nayo. Familia huhamia, watoto huoga, maji hushuka, na kila mtu huridhika. Kisha skrubu huanza kula kutu. Siku moja baada ya miaka mingi hulegea, na maji huanza kudondoka ndani ya ukuta, tone baada ya tone.

Kinga yake ni rahisi. Bomba la plastiki au la shaba lipitapo katika mbao likiwa karibu na uso wake kuliko inchi 1¼, hupigiliwa bamba la chuma juu ya uso wa nguzo mahali pale. Bamba hilo ni jembamba, lakini skrubu hugota juu yake, na mkono wa fundi huhisi. Katika mfano uliotajwa, bomba la inchi 1½ lililopita katikati ya nguzo ya inchi 3½ huachiwa mbao chini ya inchi moja kila upande. Kwa hiyo mabamba yahitajiwa pande zote mbili. Na pale bomba lipitapo katika ubao wa chini na mbao za juu, bamba huzidishwa inchi 2 kupita mbao hizo. Bamba moja ni la senti chache. Hakuna kitu cha bei ndogo kuliko hicho katika nyumba nzima chenye kulinda mali kubwa kama hiyo.

Bomba nalo lishikwe vizuri. Lile la plastiki lilalalo hushikwa kila baada ya futi 4. Lisiposhikwa hulegea katikati, na mteremko uliopimwa kwa taabu hupotea. Lakini lisikazwe mno. Plastiki hurefuka kwa maji ya moto na kufupika yakipoa. Ikibanwa na mbao hulia usiku ndani ya ukuta, na wenye nyumba husema nyumba ina pepo. Chuma cha kusubu ni kizito, lakini hunyamaza; kwa hiyo wako wajengao hata leo ambao hukitumia katika ukuta wa sebule, na plastiki penginepo.

KABLA YA KUFUNIKA

Kazi ikiisha, wala bao moja la jasi halijafungwa, huja majaribio. Midomo yote ya mabomba huzibwa, na mabomba hujazwa maji, au husukumiwa hewa kwa pampu. Robo saa hupita. Maji yasiposhuka, wala mshale wa kipimo cha hewa usiporudi, viungo ni vizima. Kisha mkaguzi wa mji hutazama: mteremko kwa pimamaji, matundu kwa futi, mabamba kwa macho. Katika miji mingi hutazama pia kama kila kiungo cha plastiki kina alama ya ile dawa ya rangi ya zambarau inayopakwa kabla ya gundi. Dawa hiyo ilitiwa rangi makusudi, ili aliyepaka na asiyepaka wajulikane.

Wako wanaomwona mkaguzi kuwa ni adui achelewaye na kuwachelewesha. Yafaa wafikiri tena. Mkaguzi ndiye mtu wa mwisho atakayeliona bomba hilo kwa muda wa miaka hamsini pengine. Anatazama kwa niaba ya mtu ambaye hajafika bado: mnunuzi, mpangaji, mtoto atakayelala katika chumba kilicho upande wa pili wa ukuta. Hao hawataweza kutazama.

Mwenye nyumba naye ana wajibu wake. Siku ile kuta zingali wazi, na apite chumba kwa chumba akipiga picha kila ukuta, futi ya kupimia ikiwa imewekwa kando ya bomba ili umbali wake kutoka pembeni uonekane. Siku hizi simu ya mkononi yatosha kwa kazi hiyo. Picha hizo na ziwekwe pamoja na hati za nyumba. Atakapotaka kutundika kabati ukutani baada ya miaka kumi, atajua mahali pa kutoboa na mahali pa kuacha. Na aulize pia mdomo wa kuzibulia uko wapi, yaani ule mfuniko unaofunguliwa bomba likiziba. Wengi huufunika kwa jasi ili ukuta upendeze, kisha huubomoa ukuta wakiutafuta.

Na aliyenunua nyumba iliyokwisha jengwa afanyeje? Hawezi kuuona ukuta ndani, lakini aweza kuuliza. Na aulize kibali cha ujenzi na karatasi ya ukaguzi. Na amimine maji katika kila beseni lililokaa bila kutumiwa, hasa tundu la sakafuni, ili mtego usikauke. Akivuta maji chooni akasikia beseni la jirani likigugumia, ajue hewa haina njia, na amwite fundi mapema.

Tukirudi kwenye nyumba ile ya mfano: ikiwa fundi alinyamaza asubuhi ile, seremala alikwenda zake na sifa yake, na mwenye nyumba aliokoa gharama ya mbao chache. Ikiwa alisema, pakawa na maneno ya saa moja, ukuta mmoja ukafunguliwa na kusimamishwa upya kwa mbao pana zaidi. Baada ya rangi kupakwa, nyumba hizo mbili hazitofautiani kwa macho. Tofauti yake ataiona yule akaaye jikoni chini ya bafu, miaka mingi baadaye, ainuapo macho kutazama dari.